Kidonge, Mapigo na Kilomita 42: Mwongozo wa Dawa za Maumivu kwa Mkimbiaji wa Masafa Marefu

Dakika ishirini kabla ya mbio kuanza, pita katikati ya wakimbiaji waliojipanga utasikia karatasi za vidonge zikipasuliwa. Diklofenaki moja ya goti, ibuprofeni mbili za akiba, funda moja la maji, basi. Wengi wao hawaumwi wakati huo. Wanameza ili wasije wakaumwa kilomita ya 30.

Katika mbio za Bonn, Ujerumani, mwaka 2010, watafiti walikusanya majibu ya wakimbiaji 3,913, na takriban nusu walikuwa wamemeza dawa ya maumivu kabla ya kuanza. Kati ya waliomeza, asilimia 16 walipata matatizo kama tumbo kukata, damu kwenye mkojo na misukosuko ya moyo. Kwa wasiomeza ilikuwa asilimia 4. Tisa walilazwa hospitali, na wote walikuwa wamemeza: watatu figo zao zilisimama kwa muda baada ya ibuprofeni, wanne walivuja damu tumboni baada ya aspirini, na wawili walipata shambulio la moyo, nao pia baada ya aspirini.

Hapa tunashughulikia maumivu na mapigo ya moyo pamoja kwa sababu barabarani hayatengani. Maumivu yanakuonyesha mahali palipochoka au palipoumia. Mapigo yanakuonyesha mwili mzima unagharimika kiasi gani kwa kasi uliyoishika. Kidonge kinanyamazisha maumivu, gharama inabaki palepale. Mwaka 2010 waendesha baiskeli 13 wenye mazoezi walipewa gramu 1.5 za parasetamoli kabla ya kushindana na saa kwa kilomita 16. Walimaliza haraka zaidi kwa takriban asilimia 2, mapigo yao yakiwa juu kuliko siku waliyopewa kidonge kisicho na dawa, lakini maumivu waliyosema wanayahisi yalikuwa yaleyale. Kwa maneno mengine, moyo ulifanya kazi ya ziada bila mwenyewe kujua. Ndiyo maana tunataka ujue kusoma mapigo yako kabla hujagusa kidonge chochote.

Hatua ya 1: Jua ulichoshika mkononi

Jina kubwa mbele ya boksi ni la kampuni. Lenye maana ni lile dogo lililo chini yake. Hilo ndilo la kusoma.

Parasetamoli, yaani Panadol na ndugu zake, hutuliza maumivu na homa lakini haiondoi uvimbe. Haichubui tumbo, na kwa figo si mzigo kama kundi linalofuata. Hatari yake iko kwenye ini, na huja mtu anapozidisha. Mtu mzima mwenye afya hunywa vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na asizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Lakini wakimbiaji wa masafa marefu wengi ni wepesi. Ukiwa chini ya kilo 50, hesabu miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wako: mwenye kilo 45 anapata miligramu 675 kwa mara moja, ambazo kwa vitendo ni kidonge kimoja, si viwili.

Kundi la pili ni la ibuprofeni: ibuprofeni yenyewe (Brufen), diklofenaki (Voltaren), aspirini, naproksini, meloksikamu, piroksikamu, indometasini. Haya yote hufanya kazi kwa njia moja, kwa hiyo kumeza mawili kwa wakati mmoja ni kuzidisha dozi ya kitu kilekile. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kundi hili.

Tramadoli ni jamii ya dawa za kulevya. Huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na tangu 1 Januari 2024 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, imeipiga marufuku siku ya mashindano.

Halafu kuna steroidi: prednisoloni, deksamethasoni, na sindano ya triamsinoloni. Ukipewa mojawapo dukani kwa jina la “dawa ya uvimbe”, irudishe. Tangu 1 Januari 2022 sindano zake zote zimekatazwa siku ya mashindano, na vidonge vyake vilikuwa vimekatazwa tangu kabla ya hapo. Triamsinoloni iliyochomwa kwenye msuli hukaa mwilini muda mrefu hivi kwamba WADA hushauri kuhesabu siku 60 kabla ya kushindana. Kenya imepoteza wanariadha wengi waliofungiwa kwa dawa hii moja. Sheria haiulizi nani alikuchoma wala kama ulijua. Kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Ikiwa daktari anaona huna budi kuitumia, kibali cha matibabu huombwa kwa taasisi ya kupambana na dawa hizo nchini mwako, ambayo Kenya ni ADAK.

Mtego wa mwisho ni vidonge vya mchanganyiko. Viko vinavyochanganya diklofenaki na parasetamoli, vingine ibuprofeni na parasetamoli. Mtu anameza hivyo viwili, baada ya saa moja anaongeza Panadol mbili, na tayari ameshamaliza nusu ya parasetamoli ya siku nzima. Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini katika kila kidonge, jambo litakalokuja kuchezea mapigo yako baadaye.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini ibuprofeni na mbio ndefu haviendani

Ukikimbia, damu huelekezwa kwenye misuli na ngozi, na figo hubaki na mgawo mdogo. Figo hujitetea kwa kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hutanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio. Kemikali hizo za jamii ya prostaglandini ndizo pia zinazoleta maumivu na uvimbe gotini, na ndizo ambazo ibuprofeni na wenzake huzizuia. Kidonge hakina uwezo wa kuchagua goti na kuiacha figo. Ongeza jua, jasho na saa nne za lami, figo inabaki bila kinga pale inapoihitaji kuliko wakati wowote.

Hili limepimwa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wakimbiaji 89 wa mbio za siku kadhaa. Wengine walipewa miligramu 400 za ibuprofeni kila saa 4 katika kipande cha kilomita 80, wengine kidonge kisicho na dawa. Dalili za figo kuumia zilionekana kwa asilimia 52 ya kundi la ibuprofeni na asilimia 34 ya kundi la pili. Itazame vizuri hiyo namba ya pili: mbio peke yake, bila dawa, ilikuwa imeshawafikisha thuluthi moja ya watu ukingoni.

Tumboni mambo ni hayohayo. Prostaglandini hulinda ukuta wa tumbo na utumbo, nao wakati wa mbio hupata damu kidogo tu. Katika mbio za Western States za maili 100 kule California, waliotumia ibuprofeni hawakuumwa misuli pungufu ya wasiotumia, huku damu yao ikionyesha uvimbe zaidi na sumu zaidi ya bakteria iliyopenya kutoka utumboni. Yaani walilipia kitu ambacho hawakukipata.

La tatu ni chumvi ya damu. Dawa hizi huipa nguvu homoni inayozuia mkojo. Mkimbiaji wa polepole anayekunywa glasi mbili katika kila kituo kwa saa tano hujaza maji asiyoweza kuyatoa, na sodiamu, yaani chumvi hiyo, hushuka chini ya milimoli 135 kwa lita. Katika marathoni ya Boston ya 2002, asilimia 13 ya wakimbiaji 488 waliopimwa damu mwishoni walikuwa wameshuka hivyo. Hali hiyo ikizidi, ubongo huvimba.

Wapo wasiopaswa kugusa kundi hili bila daktari, hata siku wasiyokimbia: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au moyo, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, mjamzito. Anayetumia dawa za presha kama enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojosha, akiongeza diklofenaki, anakuwa ameifungia figo milango mitatu. Anayetumia tenofovir, dawa ya VVU, naye aseme wazi kwa mfamasia, kwa sababu dawa hiyo nayo hupitia figoni. Diklofenaki hasa ina rekodi mbaya kwa moyo, hivyo mwenye historia ya shambulio la moyo au kiharusi aiepuke kabisa.

Hatua ya 3: Pata namba yako ya asubuhi

Hii haihitaji saa ya bei. Unapoamka, kabla ya kuinuka, kabla ya simu, kabla ya chai, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, chini kidogo ya mkunjo. Usitumie dole gumba kuhesabia. Lina mapigo yake na utahesabu yako mara mbili. Kama una kibofu kilichojaa, nenda chooni kwanza, urudi ulale dakika tatu. Hesabu sekunde 60 kamili. Kuhesabu 15 na kuzidisha kwa 4 hugeuza kosa la pigo moja kuwa kosa la mapigo manne, na mapigo manne hapa yana maana.

Andika kwa siku 7 mfululizo katika wiki isiyo na mazoezi makali, kisha chukua wastani. Hiyo ndiyo namba yako. Tuseme ni 56.

Baada ya hapo isome kila asubuhi. Ikipanda kwa mapigo 5, angalia ulivyolala, joto la chumba, pombe, na mazoezi ya jana. Ikipanda kwa 10 au zaidi, mazoezi makali ya siku hiyo yasogeze. Tembea au kimbia taratibu sana. Ikipanda na mwili una homa, usikimbie kabisa.

Hapo kwenye homa ndipo kidonge kinafanya madhara makubwa kimyakimya. Mtu anaamka viungo vinauma, anadhani ni mbio ndefu ya Jumapili, anameza, anapata nafuu, anatoka kukimbia. Huenda ilikuwa malaria. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua kama robo saa, kifanye kwanza. Dar es Salaam na pwani kuna dengi pia, kama milipuko ya 2014 na 2019 ilivyoonyesha, na dengi na ibuprofeni ni mchanganyiko wa kuvuja damu. Kwa homa ambayo haijajulikana chanzo chake, tumia parasetamoli peke yake. Usirudi barabarani mpaka homa ikae mbali saa 24 bila dawa yoyote na namba ya asubuhi irudi ilipokuwa. Kuna virusi vya mafua vinavyofika hadi kwenye msuli wa moyo, na kukimbia juu yake kumeua vijana wenye afya.

Hatua ya 4: Hakikisha kipimo hakikudanganyi

Mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo husoma umeme wa moyo wenyewe. Saa ya mkononi humulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kukisia kutokana na damu inayopita. Kwa kazi tunayoizungumzia hapa, mkanda ndio wa kuaminiwa.

Ufunge hivi. Lowesha kwa maji au mate zile sehemu mbili laini za mkanda zinazogusa ngozi. Upitishe chini tu ya misuli ya kifua, kwa mwanamke chini ya ukingo wa sidiria, ukaze mpaka usiteleze unapovuta pumzi ndefu. Ukavu ni adui mkubwa: dakika kumi za mwanzo, kabla jasho halijatoka, mkanda mkavu chini ya fulana ya nailoni huokota umeme wa kitambaa na kukuandikia 210 ukiwa unatembea. Paka mafuta ya mgando kwenye ukingo, si kwenye sehemu za kusomea. Ukimaliza, chomoa kile kitufe cha katikati, maana mkanda wenye unyevu hukiacha kikiwa macho na kula betri, ambayo kwa mikanda mingi ni ile bapa ya CR2032. Suuza mkanda kwa maji ya bomba kila mara na uuanike kivulini. Chumvi ya jasho ikikauka ndani ya kitambaa, baada ya miezi michache usomaji huanza kurukaruka.

Saa ya mkononi isogeze upana wa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo na uikaze kabla ya kuanza. Ngozi nyeusi hunyonya zaidi mwanga wa kijani, na mchoro wa tatuu huuzuia, hivyo saa iliyolegea kwenye mkono mweusi hukosea haraka. Kosa lake la kawaida ni kushika hatua za miguu badala ya mapigo. Ukiona 172 huku unaongea bila shida, hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 30. Ukipata 43, saa inahesabu hatua zako: 43 mara mbili ni 86 kwa dakika, na miguu yote miwili ni 172. Simama, kaza mkanda wa saa, subiri ishuke, kisha endelea.

Bila kifaa chochote, simama na uhesabu papo hapo sekunde 10, uzidishe kwa 6. Ukichelewa hata nusu dakika mapigo yatakuwa yameshuka. Shingoni bonyeza upande mmoja tu, tena kidogo.

Hatua ya 5: Weka mipaka yako

Kanuni ya 220 kutoa umri, inayotumika kukisia kilele cha mapigo yako, ni makadirio. Watu wengi hutofautiana nayo kwa mapigo 10 na zaidi, juu au chini. Afadhali 208 kutoa asilimia 70 ya umri. Mwenye miaka 38: 0.7 mara 38 ni 26.6, hivyo kilele ni kama 181. Kwa anayekimbia mara kwa mara na asiye na tatizo la moyo, kilele halisi hupatikana mlimani: pasha mwili dakika 15, tafuta mwinuko wa dakika 2 hadi 3, upande mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, mara ya tatu bila kubakiza kitu. Namba ya juu kabisa kwenye mkanda ndiyo yako. Mwenye zaidi ya miaka 40 anayeanza upya, mwenye presha au kisukari, au aliyefiwa ghafla na ndugu wa karibu aliyekuwa bado kijana, amwone daktari kwanza na asifanye jaribio hili peke yake. Na usilifanye ukiwa umemeza dawa ya maumivu.

Sasa toa 56, ile namba ya asubuhi, kwenye 181. Unabaki na 125. Asilimia 60 ya 125 ni 75, jumlisha 56 unapata 131. Asilimia 70 inakupa 144. Mbio nyepesi zote na sehemu kubwa ya mbio ndefu zikae kati ya 131 na 144. Mwendo wa marathoni kwa mtu huyu utaangukia takriban 150 hadi 162, yaani asilimia 75 hadi 85.

Mambo yanayohamisha namba hizi bila wewe kubadilisha kasi: joto na upungufu wa maji, ambavyo katika mbio ya saa mbili huinua mapigo kwa 10 hadi 15 hata ukishika mwendo uleule; mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mtu wa Mombasa akifika Iten, mita 2,400, asifuate kasi yake ya nyumbani bali afuate mapigo; kafeini; na dawa za mafua zenye pseudoefedrini, ambayo ikizidi kiwango kwenye mkojo ni kosa la mashindano pia. Kinyume chake, dawa za presha na moyo kama atenololi, bisoprololi na propranololi hushikilia moyo chini. Anayezitumia hesabu zote hizi zimfae kidogo tu. Aende kwa kipimo cha kuongea, yaani mwendo unaomruhusu kusema sentensi nzima.

Hatua ya 6: Maumivu yakija, pima kabla ya kumeza

Tafuta eneo kwa kidole kimoja. Maumivu yaliyotandaa kwenye msuli mzima, yanayolegea ukipasha mwili, siku moja au mbili baada ya mazoezi magumu, ni uchovu. Yatapita bila dawa. Maumivu unayoweza kuyafunika kwa ncha ya kidole juu ya mfupa wa ugoko, kwenye unyayo au kinenani, yanayoongezeka kadiri unavyokimbia na kukuamsha usiku, ni ya kushuku ufa wa mfupa. Hayo usiyazime na usiyakimbilie. Picha ya eksirei katika wiki mbili za mwanzo inaweza kutoka safi wakati ufa upo. Ikitoka safi na maumivu yakabaki, rudi upigwe tena.

Kisha yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Hadi 3, na huchechemei, na asubuhi ya pili hayajazidi: endelea kwa mbio nyepesi. Zaidi ya hapo, au ukianza kukanyaga kwa kuhurumia upande mmoja, pumzika. Swali tunalokuomba ujiulize kwa ukweli ni hili: leo ningetoka bila kidonge? Kama jibu ni hapana, usitoke.

Hatua ya 7: Ukiamua kutumia dawa

Iwe kwa ajili ya kulala au kupumzika, si kwa ajili ya kukimbia. Anza na parasetamoli kwa dozi ya hatua ya 1. Ikiwa kuna uvimbe dhahiri, kifundo kilichoteguka kwa mfano, na huna makatazo yaliyotajwa, ibuprofeni miligramu 200 hadi 400 pamoja na chakula, kila baada ya saa 8, isizidi miligramu 1,200 kwa siku, kwa siku chache tu. Ikifika siku ya tano bado unaihitaji, tatizo lako linahitaji macho ya mtu mwingine.

Jeli ya diklofenaki ni njia nzuri kwa goti au kifundo kimoja, kwa kuwa ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye damu. Mstari wa jeli kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu. Goti huhitaji mistari minne hadi minane, mara tatu kwa siku. Usifunge bandeji ya kubana juu yake, nawa mikono, na usiongeze vidonge vya kundi hilohilo. Sindano ya diklofenaki ya siku ya mbio kataa. Miligramu 75 zilizopita kwenye paja zinafika figoni sawasawa na zilizopita mdomoni.

Kabla ya mbio, hesabu siku za kuacha. Dawa huhesabiwa kuwa imetoka mwilini baada ya kiasi chake kupungua kwa nusu mara tano. Ibuprofeni na diklofenaki za kawaida hutoka haraka. Ziache angalau saa 48 kabla ili upate usalama wa ziada. Naproksini siku 3 hadi 4. Meloksikamu siku 4 hadi 5. Piroksikamu, ile kapsuli ya miligramu 20 ya mara moja kwa siku, hupungua nusu kwa takriban saa 50, kwa hiyo aliyeinywa wiki ya mbio anaingia barabarani nayo hata kama ameacha siku tatu. Ihesabie siku 10. Aspirini huacha chembe za kugandisha damu zikiwa dhaifu kwa siku 7 hadi 10. Aliyeandikiwa aspirini ndogo na daktari wa moyo asiiache mwenyewe, aulize.

Hatua ya 8: Siku ya mbio

Hakuna kidonge cha kuzuia. Kama asubuhi unaumwa kiasi cha kuhitaji dawa ili uanze, namba yako ya kifuani ni karatasi tu.

Mkimbiaji wetu wa mfano aanze na 145 hadi 150 kwa kilomita 5 za mwanzo, hata kama umati unampita. Kutoka hapo hadi 30 akae 150 hadi 158. Baada ya 30 aache mapigo yapande mpaka 162 na zaidi kidogo, mradi kasi haishuki. Kwenye vilima, kama kipande cha kupanda kuelekea Mweka katika Kilimanjaro Marathon, punguza hatua na ushike mapigo, si kasi; muda utaurudisha ukishuka. Mapigo yakipanda huku kasi inashuka, jimwagie maji kichwani na shingoni, tembea dakika mbili, kunywa. Yasiposhuka, mbio imebadilika na inabidi uikubali.

Kunywa kwa kufuata kiu, kwa wengi mililita 400 hadi 800 kwa saa, wa polepole na wepesi wakae karibu na kile kiwango cha chini. Katika mazoezi marefu jipime uzito kabla na baada: ukirudi mzito kuliko ulivyotoka, unakunywa kupita kiasi.

Mkanda ukiruka ghafla kutoka 155 hadi 205, hesabu kwa vidole. Kama vidole vinasema 156, lowesha mkanda. Kama moyo kweli unakimbia ovyo, au una kizunguzungu, maumivu ya kifua, taya au mkono wa kushoto, simama palepale na uite msaada. Aliyezimia akiwa anakimbia, hata kama ameinuka na kusema yuko sawa, amemaliza mbio.

Ukishindwa kuvumilia maumivu ya misuli njiani, parasetamoli ndiyo pekee ya kufikiriwa, dozi moja, na baada ya hapo fuata mapigo kwa ukali zaidi kwa sababu hisia zako hazitakuambia ukweli wote.

Hatua ya 9: Saa 24 baada ya utepe

Usimeze ibuprofeni wala diklofenaki kwenye hema la kumalizia. Tembea dakika 10, kula, kunywa kidogokidogo. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji inafaa kuliko soda. Subiri mkojo: ukitoka wa kutosha na wa manjano hafifu, figo zinafanya kazi. Parasetamoli usiku huo inatosha. Kundi la ibuprofeni, ukilihitaji kweli, lingoje kesho yake. Asubuhi hesabu mapigo. Kwa wengi huchukua siku kadhaa kurudi kwenye 56, na mpaka yarudi hakuna mazoezi makali.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona mkojo wa rangi ya Coca-Cola au chai ya rangi, kwani hiyo ni misuli inayoyeyuka na kuziba figo. Kutokupata mkojo kwa saa 12. Choo cheusi kama lami au matapishi yenye damu. Mapigo ya zaidi ya 100 ukiwa umelala saa kadhaa baada ya mbio. Anayevimba vidole, kuumwa kichwa, kutapika na kuongea vitu visivyoeleweka asipewe maji. Huenda ni sodiamu iliyoshuka, na kila glasi inamzidishia.

Hapo ndipo mhudumu anahitaji kujua kilichomezwa, na mara nyingi mgonjwa hawezi kusema. Kwa hiyo kabla ya kubandika namba kifuani, igeuze na uandike nyuma kwa kalamu isiyofutika: dawa zote ulizotumia wiki hiyo, miligramu, siku na saa ya mwisho, ugonjwa wowote ulio nao, mapigo yako ya asubuhi, na namba ya simu ya ndugu atakayepokea.